Mililita 50: kisa cha jioni za kuonja mvinyo Malindi

Mwenye kisa hiki ni mhudumu wa mezani. Kwa miaka mingi alitumika katika migahawa ya Wataliano mjini Malindi. Aliingia kwa kuosha vyombo, akapanda hadi akawa ndiye anayeitwa mgeni akitaka kujua mvinyo gani uteremke vizuri na kamba wa kuchoma. Kwao ni upande wa Ganda, na babake alikuwa mgema. Kiitaliano alikiokota kazini, kama walivyokiokota vijana wengi wa mji huu, na kila chupa aliyoionja aliiandikia mistari michache kwenye daftari la shule: inanukiaje, ina ukali gani, imekwenda na chakula kipi. Alipoacha kazi alikuwa na akiba ya kuanzia na wazo moja: jioni ya kuonja mvinyo, watu wachache kwenye meza moja, yeye akiwaongoza glasi baada ya glasi.

Mimi hukagua hesabu za biashara ndogo ndogo za pwani, na amenipa ruhusa niyaandike haya mradi nisitaje jina lake wala la mgahawa. Nimekichagua kisa chake kwa sababu hakiendi kama vile tulivyozoea. Mtaji alikuwa nao, ujuzi pia, na wateja walikuja tangu jioni ya kwanza, wakaondoka wakimsifu. Na bado pesa hazikuonekana. Ukifungua vitabu vyake unaona upesi zilikuwa zikiliwa na nini. Zilikuwa zikiliwa na mapenzi yake mwenyewe kwa mvinyo.

Wateja aliowadhania

Hesabu yake ya kwanza ilikuwa Wataliano, na haikuwa hesabu ya kijinga. Wako hapa tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco kule Ngomeni, ambako Aprili 1967 setilaiti yao ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Nyuma ya mainjinia wakaja watalii, na nyuma ya watalii wakaja wastaafu walionunua nyumba za kukimbilia baridi ya kwao. Ndiyo maana Malindi utakuta chupa za Sicilia kwenye rafu za duka lililo hatua chache tu kutoka kwa muuza mahamri. Akaandika mwaliko kwa Kiitaliano, akaupitisha kwa wateja wake wa zamani.

Walikuja wachache, hawakurudi. Mzee mmoja alimweleza kwa upole, huku amemshika mkono, kwamba kwao mvinyo huwekwa mezani pamoja na mkate na watu wakala. Kulipia kiti ili ufundishwe kunusa glasi, kisha umwage kilichobaki kwenye ndoo, yeye aliona ni mchezo wa watu ambao hawakuzaliwa nao. Maneno yalimchoma, lakini mzee alimfanyia utafiti wa soko bila malipo. Waliojaza viti baada ya hapo ni watu wengine kabisa: Wakenya wa Nairobi na Mombasa walioteremka kwa wikendi, madaktari na walimu na watu wa mashirika wanaofanya kazi Malindi na Kilifi, na akina mama wa chama kimoja waliokuja kujipongeza baada ya kugawana. Hawa mvinyo wanaujua kwa kuunywa, wengi wameanza na ule mtamu wa boksi, na wana maswali ambayo huona haya kumwuliza mhudumu mbele ya wenzao. Wanalipia kuuliza. Alipolielewa hilo aliacha kupanga jioni kwa majina makubwa ya kwenye lebo, akaanza kuzipanga kwa maswali yao.

Ua wa Shela

Mahali pa kwanza alipopapenda ni ua wa nyumba moja ya mawe mtaa wa Shela (wa Malindi, si wa Lamu). Mwenye nyumba ni mzee aliyemjua tangu utotoni. Alimwendea barazani baada ya alasiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Akamweleza bila kuzunguka. Mzee akanyamaza kidogo.

"Ua huu nimewapa watu kwa harusi, kwa maulidi, hata kwa mikutano ya siasa. Hicho ulichokitaja hakipiti mlango huu. Lakini umekuja kuniuliza kabla, nami nimeliona hilo. Ukiwa na shughuli nyingine yoyote, njoo."

"Nimekuelewa, baba. Niwie radhi."

"Huna kosa."

Kuna watu waliomwambia angekodi tu kwa jina la "hafla" akafunga mlango. Ningemkataza kwa nguvu zangu zote. Malindi ni mji mdogo, na anayefanya biashara ya kileo katikati ya majirani Waislamu anaishi kwa heshima kabla ya kuishi kwa leseni. Ramadhani hafanyi jioni hata moja, na mwezi huo ameshauingiza kwenye bajeti kama mwezi wa kutoingiza kitu. Tuktuk zinazowarudisha wageni wake hotelini baada ya kuonja, maana hataki mtu ashike usukani, ni za mtoto wa mzee yuleyule.

Leseni ndiyo iliyoamua umbo la biashara. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe, na sheria ya kitaifa ya kudhibiti vileo, nayo ya mwaka huohuo, wengi tunaijua kwa jina la Mututho, mbunge aliyeipeleka bungeni. Leseni hufungamana na mahali. Huwezi kuitia mkobani ukahama nayo kutoka ufukweni leo hadi bustanini kesho. Kwa baa ya kawaida, sheria hiyo iliweka saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Alikuwa na ujanja wake tayari: auze tiketi ya "somo", mvinyo autoe bure. Nikamwambia ajaribu kumweleza askari hivyo saa tatu usiku, chupa zikiwa wazi mezani na orodha ya M-Pesa ikiwa kwenye simu yake.

Suluhisho lilikuwa kuwa mgeni wa nyumba yenye leseni. Mgahawa mmoja wa upande wa Casuarina ulikuwa na meza ndefu iliyokaa tupu Jumamosi mchana. Walikubaliana kwa karatasi ya ukurasa mmoja, wakatia sahihi. Chupa zinanunuliwa na mgahawa, zinakaa kwenye vitabu vya mgahawa, na yeye anauziwa kwa bei iliyokubaliwa kabla. Chakula kinapikwa na mgahawa kwa bei ya kichwa. Yeye anauza viti, anafundisha, anabaki na kinachosalia. Hakuna chupa inayoingia na mtu mfukoni, hata iwe ya zawadi. Kila inayofunguliwa ina stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na huikagua kwa programu ya Soma Label kwenye simu mbele ya wageni. Hilo peke yake wageni hulipenda, maana kila mmoja ana kisa cha chupa aliyoitilia shaka.

Mkono mwepesi

Sasa tufike kwenye pesa. Meza ina viti 14, kila kiti shilingi 2,500, mivinyo ni mitano. Wastani wa chupa ni 1,800, chakula ni 600 kwa kila mtu, na msaidizi, barafu, maji, mkate na usafiri ni 4,500. Kwa karatasi hiyo, mapato ni 35,000 na jioni inapaswa kumwachia pesa ya maana.

Lakini yeye alikuwa akimimina kwa jicho. Mhudumu aliyezoea kumimina glasi ya chakula hana kipimo cha kuonja mkononi. Tulimpa maji kwenye chupa tupu, tukamwambia amimine "kidogo tu", tukamwaga kwenye jagi la kupimia: mililita 90. Wageni 14 kwa mililita 90 ni mililita 1,260, yaani chupa mbili kwa kila aina na kumi kwa jioni nzima. Hizo ni 18,000. Ongeza chakula 8,400 na zile 4,500, unapata 30,900. Kati ya 35,000 kinabaki 4,100. Na kwenye viti vile 14, jioni nyingi vitatu vilikaliwa na marafiki aliowaalika kwa sababu, kwa maneno yake, "huwezi kuufungua huu usimwite fulani". Viti 11 vilivyolipiwa ni 27,500. Alikuwa akilipa 3,400 kutoka mfukoni ili watu wafurahi.

Chupa ya kawaida ni mililita 750. Ukimimina 50 unapata glasi 15: 14 za wageni na moja yake, ambayo lazima aionje kwanza kuhakikisha chupa haina kasoro. Ndiyo sababu namba 14 ni nzuri kuliko 12 au 16. Kwa kipimo hicho chupa tano zinatosha, gharama ya mvinyo inashuka hadi 9,000, na viti vyote vikilipiwa kinabaki 13,100. Na mgeni anakuwa amekunywa mililita 250 zikichanganywa zote, theluthi moja ya chupa, badala ya karibu nusu lita iliyokuwa ikiwafanya waanze kuimba kwenye glasi ya nne na wasikumbuke chochote alichowafundisha.

Alilia kidogo kwa hili, sitaficha. Aliona kupima ni uchoyo, na uchoyo kwao ni aibu. Kilichombadilisha ni wageni wenyewe. Walipopewa kidogo walianza kunusa kabla ya kunywa, wakauliza zaidi, wakarudisha glasi mdomoni mara ya pili kutafuta kitu walichoambiwa kipo.

Glasi nazo zilikuwa zimuue. Mivinyo mitano kwa watu 14 ni glasi 70, na kukodi glasi 70 zenye shina, usafiri na zinazovunjika, hakulipi. Sasa anaonjesha kwa jozi: mweupe na mweupe, kisha mwekundu na mwekundu. Kila mgeni ana glasi mbili tu, zinasuuzwa kati ya jozi. Kwa kweli hata bila sababu ya pesa ningemshauri hivyo, kwa kuwa ulimi wa mtu asiyezoea hauoni kitu kwenye glasi iliyo peke yake. Ukiweka Sauvignon Blanc ya Naivasha kando ya Chenin Blanc ya Afrika Kusini, yule mama aliyesema "mimi nasikia waini tu" anaanza kusema hii inanuka majani mabichi na hii inanuka tunda lililoiva.

Kisha joto. Ule usemi kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Malindi wakati wa kaskazi kina 30, na mwekundu wa nyuzi 30 hunuka spiriti na kuacha ukakasi. Basi mwekundu unakaa friji nusu saa kabla ya kumiminwa. Mweupe anautoa ukiwa baridi kuliko inavyotakiwa, kwa sababu mililita 50 kwenye glasi hupata joto huku bado anaeleza. Ana kipima joto cha jikoni, cha sindano, na hukitumbukiza kwenye glasi yake ya kuonja kila mara. Chupa zilizokaa kwenye dirisha la duka zikipigwa na jua au kwenye buti la gari huzikataa mlangoni: kizibo kimesukumwa juu kidogo, shingo ina ute uliokauka, na ukifungua unakuta tunda lililopikwa badala ya tunda bichi. Mgahawa ulinung'unika mwanzoni. Baadaye ukaanza kumtumia kukagua mzigo wao wote.

Na pua. Huwezi kuonja mvinyo mahali palipofukizwa udi, wala karibu na mtu aliyejipaka dawa ya mbu dakika tano zilizopita. Mbu hutoka jua likizama, na hapa jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, mwaka mzima. Kwa hiyo jioni zake si jioni hasa: huanza Jumamosi saa kumi na kuisha kabla hawajaanza kujipaka. Upepo wa ufukweni, ambao yeye mwenyewe aliutaka kwa ajili ya picha, hubeba harufu yote ya glasi, ndiyo maana meza imerudishwa nyuma ya ukuta wa matumbawe.

Ndimu na mnazi

Sehemu ninayoipenda, na ambayo naamini ndiyo anayouza, ni kisahani chenye kipande cha ndimu na chumvi. Kila mgeni anaonja Chenin kavu, yaani isiyo na utamu, anakunja uso. Anaambiwa aume ndimu, alambe chumvi, kisha aonje tena glasi ileile. Ukali umepotea, tunda limejitokeza. Meza nzima hupiga kelele. Ukweli wake ni rahisi: uchachu na chumvi kwenye chakula huulainisha mvinyo, utamu huufanya uonekane mchachu zaidi, na pilipili huchochewa na pombe pamoja na tanini, ule ukakasi wa maganda na kokwa za zabibu. Kutoka hapo chakula chenyewe kinafundisha. Viazi vya karai na chatine ya ukwaju vinaupenda mweupe mkali. Samaki wa kupaka mwenye tui zito na pilipili akikutana na Nero d'Avola, mvinyo mwekundu wa Sicilia, huwasha koo, akikutana na Chenin yenye utamu kidogo hutulia. Mishkaki yenye moshi huenda na Pinotage, zabibu iliyozalishwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Mvinyo wa kuanzia, ule wa povu kutoka Italia, hauna jozi. Huo ni wa kuwatuliza wasafiri.

Kueleza uchachukaji hutumia mnazi. Utomvu unaoteremshwa asubuhi ni mtamu, chachu za hewani zimeshaanza kuula sukari, mchana una pombe, jioni umekuwa mkali, na ukiuacha unaelekea kuwa siki. Zabibu nazo hupita njia hiyo, ila mtengenezaji husimamisha safari anapotaka. Wageni wa Nairobi humwomba awape mnazi waonje. Hukataa, kwani haumo kwenye leseni ya mgahawa wala hauvumilii kusubiri Jumamosi. Nadhani anapoteza kitu hapo, na siku moja atapata mpangilio halali wa kuwapeleka kwa mgema wakati wa kugema. Mtanzania akiwa mezani, yeye hutaja Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mjadala hugeuka wa majirani.

Miezi ya mvua

Jumamosi mbili kwa mwezi hazimlishi mtu, na kuanzia Aprili masika ikishuka watalii hukatika, hoteli nyingine zikafunga hadi mwezi wa saba. Hapo ndipo pesa yake ya uhakika ilipojificha. Hoteli zikijiandaa kufungua upya huajiri wahudumu wapya ambao hawajawahi kushika kizibuo. Anawafundisha kwa siku: kufungua bila kuvunja kizibo, kumimina bila kudondosha, kumjibu mgeni anayesema chupa imeharibika, kupima. Hoteli hulipa ada ya siku, chupa ni zao, viti havina haja ya kuuzwa, hakuna rafiki wa kualikwa. Kwa saa aliyofanya kazi, mafunzo humlipa vizuri kuliko jioni zake, na hata hivyo yeye huyaita "kibarua" na jioni huziita "biashara". Tumebishana juu ya hili. Mimi naona ni kinyume: zile Jumamosi ndizo tangazo linalomletea hoteli, maana mameneja wawili walimjua wakiwa wamekaa kwenye meza ile kama wageni waliolipa.

Hajasoma kozi rasmi. Zile ngazi za WSET, taasisi ya mafunzo ya mvinyo ya London iliyoanzishwa 1969, anazijua, na ngazi ya kwanza ni ya siku moja. Namshauri aifanye kabla ya msimu ujao wa mafunzo, si kwa kuwa itamwongezea mengi bali kwa kuwa meneja anayeidhinisha malipo hutaka karatasi ya kubandika kwenye faili.

Lililo mezani sasa ni Desemba. Mwenye mgahawa ameona meza inavyojaa na anataka mara mbili kwa wiki, watu 30 kila mara. Mwenye kisa alikuwa tayari kukubali yote. Nimemwonyesha kwamba watu 30 kwa mililita 50 humaliza chupa mbili kamili bila tone la kuonja kwanza, kwa hiyo kila aina itafunguliwa chupa ya tatu kwa ajili ya glasi moja: chupa tano za ziada, shilingi 9,000 kila jioni. Watu 28 hawaleti tatizo hilo. Bado sauti yake haifiki mwisho wa meza ya watu 28, kwa hiyo atahitaji mtu wa pili anayejua kazi, na wahudumu aliowafundisha mwezi wa sita ndio wa kuchagua kutoka kwao. Amempelekea mwenye mgahawa jibu: watu 28, Jumamosi tu, meza mbili, na friji ya pili inunuliwe na nyumba kabla ya tarehe ya kwanza. Friji imekubaliwa. Kuhusu watu 28, bado wanajadiliana.